Springi za Lori la Bwana Nassoro

Tatu na Shomari, ninyi mliobaki pale kiwandani, mmenisumbua tangu mwezi wa Ramadhani mkitaka niandike ya kazi kabla sijayasahau. Sijayasahau. Ila mimi nimesoma juzuu chache chuoni, na herufi hizi za Kizungu nilifundishwa ukubwani na mwanangu, kwa kipande cha mkaa, juu ya ubao wa kusukumia chapati. Basi mkikuta neno limepinda, linyosheni wenyewe. Nyundo mnazo.

Niliingia kazini kwa mjomba wangu, Fundi Mwinyimvua, nikiwa mjane mwenye watoto wawili. Ilikuwa zamani za Mwingereza, vita vya Hitla bado. Mjomba alikuwa mhunzi hapa hapa Bagamoyo, pembeni mwa njia ya kwendea Fukayosi. Mtu aliyekuwa akimvutia mivukuto alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, hakurudi. Mjomba akaniita, "Mwanahawa, mikono unayo. Njoo univutie moto mpaka nipate mtu." Huyo mtu alichukua miaka kupatikana.

Mivukuto yenyewe ilikuwa miwili, ya ngozi ya mbuzi, kila mmoja na mpini wake. Huku unapandisha, huku unashusha, na pumzi haikatiki. Siku ya kwanza nilivuta kwa nguvu zangu zote, nikidhani moto mkubwa ndiyo kazi nzuri. Ndani kulikuwa na shoka la mtu. Kidogo nikaona cheche nyeupe zinaruka kama fataki za harusi, nikafurahi. Mjomba alikuja mbio, akalitoa kwa koleo, akaligonga juu ya fuawe mara moja tu, likamomonyoka kama mkate mkavu.

"Unajua umefanya nini?"

"Nimeunguza, Mjomba."

"Wali ukiungua, unakula ukoko. Chuma kikiungua huna hata ukoko."

Akatengeneza shoka jingine kwa chuma chake, wala hakulitaja tena jambo lile. Lakini kesho yake, kabla sijashika mivukuto, alinikalisha chini. Alichukua vipande viwili vya chuma cha pua, yaani kile kigumu kinachoshika makali. Kimoja alikipasha moto mpaka kikakaribia weupe. Kingine alikikomesha kwenye wekundu wa pilipili mbuzi iliyoiva. Vyote viwili akavitia maji, kisha akavivunja kwa nyundo.

"Tazama palipovunjika. Unaona nini?"

Kile kilichozidi moto kilikuwa na chembe kubwa zinazometameta. Nikasema, "Chumvi ya mawe." Kile cha moto wa kiasi kilikuwa kijivu, laini, chembe hazionekani. Nikasema, "Unga wa mhogo uliochekechwa."

"Basi umeshasoma," akasema. "Moto ukizidi, chembe zinanenepa. Zikinenepa hazishikani mikono. Kazi yako si kuwasha moto, mwanangu. Kazi yako ni kuzuia chumvi."

Ndiyo sababu kile kibanda tumekizungushia makuti mpaka chini, na ndiyo sababu nawakataza kuyafunua kwa ajili ya upepo. Najua kuna joto. Lakini jua la saa sita huudanganya moto: chuma kimeshaiva, wewe unakiona bado cheusi, unazidi kuvuta. Ndani ya kiza rangi ya asubuhi na rangi ya adhuhuri ni ile ile. Pilipili ibaki pilipili. Ukiona chungwa, umeshachelewa.

Na chuma kilichotoka majini msikiamini. Kigumu ndiyo, lakini kina hasira. Kikianguka juu ya jiwe kinapasuka. Lazima kirudi motoni taratibu kutulizwa. Ukikisugua kikang'aa utaona rangi zinatembea juu yake, manjano ya nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu ile bluu ya shingo ya njiwa. Tindo tunaikomesha kwenye manjano. Shoka, zambarau. Springi inavuka bluu. Haya mnayajua, lakini nimeyaandika kwa sababu Shomari akiwa na njaa huona zambarau mapema.

Malori yalipoanza kuwa mengi ndipo tulipojua springi ni mdudu gani. Springi ya lori, kwa asiyeijua, ni majani ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, refu juu, fupi chini, yamefungwa katikati kwa pingu ya chuma. Kila tundu la barabara hulipinda jani na kuliachia, kulipinda na kuliachia, kutwa. Mjomba alianza kwa kuyatia majani majini, kama shoka. La kwanza lilipasuka kabla hata halijafika kwenye lori. Maji huishtua springi. Baadaye alijaribu mafuta ya nazi ndani ya pipa lililokatwa, na hapo chuma kikatulia. Mtaa mzima ulijua siku zetu za springi kwa harufu. Bi Mgeni, jirani yetu, alikuwa akichungulia makutini.

"Leo mnakaanga nini?"

"Springi."

"Nikatieni upande wenye nyama."

Jani likitoka kwenye mafuta, linarudi motoni likiwa bado limelowa. Mafuta yakitoa moshi, bado. Yakishika moto yenyewe na kuwaka juu ya jani zima, mwisho mpaka mwisho, unalitoa na kuliacha lipoe polepole. Mjomba alikuwa akisema bismillahi mara mbili, wakati wa kutia na wakati wa kutoa. Majani yetu yalisifiwa mpaka Msata. Kwa hiyo mnaweza kufikiria tulivyojisikia yalipoanza kukatika.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Bwana Nassoro, mwenye duka na lori moja lililokwenda Fukayosi, Msata na Miono kuleta mahindi na watu juu ya magunia. Mtu mwema, lakini aliogopa wezi kuliko alivyoogopa radi. Kila kitu chake alikitia alama, mistari miwili na mwezi mwandamo chini yake: magunia, milango, punda, upawa wa pilau. Watu walitania kwamba hata mapapai ya uani kwake yanazaliwa na alama. Na hakuwa peke yake. Wafanyabiashara wote wa mji huu walitia alama mizigo yao tangu enzi za misafara. Sasa alisikia kwamba madereva hubadilishana majani ya springi njiani, zima kwa bovu. Akaamuru kila jani refu tunalomtengenezea likatwe alama yake kwa tindo. Mjomba aliikata juu ya jani, karibu na katikati, mistari ikikingama upana wote, mahali ambapo Bwana Nassoro akiinama kando ya lori anaiona bila kuchafua kanzu.

Dereva wake aliitwa Maganga, Mnyamwezi, mtani wetu sisi watu wa pwani. Asubuhi moja alitokea na jani begani, vipande viwili.

"Mtani, mmenipa biskuti. Nimekatikiwa kwenye kilima cha Fukayosi, abiria wote chini, na kuku."

"Labda kuku walikuwa wanene," nikamwambia.

Mjomba hakucheka. Alilitazama jani palipokatika, chembe zake unga mtupu, si chumvi. Moto ulikuwa sawa, mafuta yalikuwa sawa. Akatengeneza jingine. Bwana Nassoro alipoletewa habari alimshuku Maganga: bila shaka jani lililokatika si lake, limebadilishwa na alama ikaigizwa. Akataka alama ya safari hii iingie ndani zaidi, isiweze kuigizwa wala kufutwa. Mjomba akaizamisha. Jani hilo lilikatika mapema kuliko la kwanza.

Hapo ndipo Kibwana aliposema. Kibwana alikuwa mpiga nyundo wetu, kifua kama mlango wa forodha, roho safi, lakini ya moyoni hayamkai. "Mimi nitasema, na msinichukie. Tangu lini moto wa mhunzi ukavutwa na mwanamke? Babu zetu walimkataza hata kupita mbele ya kibanda. Chuma kinakasirika."

"Kimekaa miaka yote hii bila kukasirika," nikamwambia, "kimekasirika kwa Bwana Nassoro tu?"

"Hasira hukusanyika, dada."

Neno lile lilitoka kiwandani likafika dukani kabla ya adhuhuri. Bwana Nassoro akaja mwenyewe, safari hii jani lililokatika lina alama yake dhahiri, hawezi kumshuku Maganga tena. Alimwamkia Mjomba kwa heshima zote, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema polepole kwamba la tatu likikatika, yeye springi zake atazipeleka Dar es Salaam, isipokuwa kama moto utakuwa umepata mvutaji mwingine. Mimi nilikuwa pale pale, mpini mkononi. Hakunitazama.

Alipoondoka, Mjomba alikaa juu ya gogo. "Mwanahawa, unajua kibanda hiki kinakula kwa lori lile. Likikatika la tatu, itabidi urudi jikoni. Nami sitapenda."

"Mimi je, Mjomba?"

"Wewe utapenda kidogo kuliko mimi."

Jani la tatu lilishafungwa kwenye lori, alama yake imezama kuliko zote, na Maganga ameshaondoka kwenda Miono. Nikaona kulia hakutalirudisha. Niliyatoa kwenye chuma chakavu yale majani mawili yaliyokatika, nikayasafisha kwa mafuta ya taa, nikaketi nayo mlangoni kwenye mwanga.

Palipokatika hapakuwa na sura moja. Sehemu kubwa ilikuwa ya kijivu king'aavyo, inakwaruza kidole, kama kitu kilichovunjika jana. Lakini upande wa juu kulikuwa na sehemu laini, nyeusi kidogo kwa kutu, yenye mistari ya duara, duara ndani ya duara, kama mgongo wa kombe la pwani. Kutu haiingii mahali ambapo hapajafunguka. Kwa hiyo ufa ule ulikuwapo siku nyingi, unatembea kidogo kidogo, kila safari mstari wake, na Maganga anapiga honi tu juu. Na zile duara, nilipozifuata kurudi nyuma mpaka ile iliyo ndogo kuliko zote, ziliishia mahali pamoja katika majani yote mawili: chini kabisa ya mkato wa alama.

Nikampelekea Mjomba. Alitazama sana.

"Ule ni mkwaruzo," akasema. "Mtu akichanjwa ngozi, mfupa hauvunjiki."

"Mjomba, ukitaka kuchana shuka ya marekani, ile pamba nzito, unafanyaje? Ukivuta tu, utavuta mpaka magharibi. Unauma pindo kwa meno kwanza. Ukishauma, inakwenda yenyewe."

"Chuma si marekani."

"Basi tujaribu."

Nilitaka vibamba viwili vyembamba, vya chuma kimoja, moto mmoja, pipa moja la mafuta. Kimoja Mjomba akikate alama ya Bwana Nassoro kwa ukubwa wa kibamba, kingine kibaki laini. Kila kimoja tukifunge nguzoni upande mmoja, na upande wa pili kwenye mpini wa mvukuto, kimoja kwa kila mvukuto. Mpini ukipanda kibamba kinapinda, ukishuka kinanyooka. Yaani lori letu wenyewe, halihitaji barabara wala kuku. Mjomba alitikisa kichwa, lakini nikaona ndevu zinacheka. Alivitengeneza siku ile ile.

Nikavuta. Kila siku kabla ya kazi na baada ya kazi niliinama kuvitazama, havikuonyesha kitu. Maganga alikwenda akarudi, akaenda tena, na kila nikisikia lori linaingia mjini nilisikiliza chini kwanza, kabla ya kusikiliza salamu. Nilikuwa nashindana mbio na springi ambayo mimi mwenyewe niliivutia moto, na nikiomba ichelewe. Kibwana alipita akisema, "Dada, vibamba vyako vitatuzika sote."

Katikati ya mambo hayo ikafika harusi ya binti wa shemeji yangu huko Fukayosi. Mimi ndiye niliyekuwa somo yake wa kumfunda, sikuweza kukosa. Nikamwomba Kibwana avute badala yangu. Alivimba kidogo, mpiga nyundo kushika mivukuto, lakini Mjomba alimtazama, akaishika.

Harusi ilifana. Siku ya kurudi, Maganga alikuwa anapita na mahindi ya Miono, akanipandisha juu ya magunia. Sijawahi kusafiri kwa uangalifu namna ile. Kila tundu nilinyanyua mwili, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikilemea.

"Mtani, mbona unaruka kabla ya shimo?" Maganga akapiga kelele kutoka mbele.

"Nakusaidia kubeba."

Tulifika wazima. Na mbele ya kibanda alikuwa amesimama Mjomba, mkononi kibamba kilichokatika. Kilikatika asubuhi ile, katikati ya alama, chini ya mkono wa Kibwana. Kile kingine bado kilikuwa kimefungwa mpinini, kinapinda na kunyooka kama hakina habari.

Kibwana alikuwa ameketi chini, uso umemshuka. "Mkono wangu ndio uliokivunja," akasema. "Basi na mimi niende jikoni?"

"Jikoni watakukataa," Mjomba akamjibu. "Unakula mno."

Lakini Bwana Nassoro hakuwa mtu wa kushawishika kwa kibamba. Alipokuja kupokea mahindi yake nilimwomba kitu kimoja tu, aturuhusu tulitazame jani la tatu pale pale chini ya lori, kwa njia ya chungu. Wanawake tunajua: chungu chenye ufa usioonekana hutoa jasho. Nililala chini ya lori kwenye jamvi, nikalifuta jani tope, nikalipaka mafuta ya taa, nikayaacha yanywe. Kisha nikalikausha kwa kitambaa mpaka likawa kavu kabisa, nikalipaka chokaa nyembamba iliyosagwa. Likawa jeupe kama ukuta wa msikiti.

"Sasa, Maganga," nikasema, "panda juu ya magunia urukeruke."

"Mtani, njiani wewe, hapa mimi." Akapanda, akaruka, lori likanesa.

Kwanza hakikutokea kitu. Bwana Nassoro alikuwa ameinama, safari hii ameisahau kanzu. Halafu katika weupe ule ukajitokeza uzi mweusi, unaotoka kwenye mstari wa kwanza wa alama, unakwenda kuelekea ukingo. Mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalikuwa yanatoka. Uzi ulikuwa umeshavuka nusu ya upana wa jani.

Bwana Nassoro alipiga magoti. Akanyoosha kidole, akaufuata ule uzi mpaka kwenye mwezi mwandamo wake.

"Nimejilinda na mwizi," akasema, "mwenyewe nimemfungulia mlango."

Kisha akageuka kwangu, na tangu siku alipotoa sharti lake hii ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha. "Mama, alama siwezi kuiacha. Hiyo ni tabia, nitakufa nayo. Niiweke wapi?"

"Kwenye pingu, Bwana. Pingu inabana tu, haipindi."

Na ndiyo sababu alama za watu mpaka leo tunazikata kwenye pingu. Wale wanaowauliza kwa nini, sasa mnalo la kuwajibu.

Tangu siku ile Mjomba aliniachia koleo. Mivukuto ikachukuliwa na Kibwana, kwa hiari yake, akisema ni lazima ajue ule mkono wake una kosa gani. Alivuta miaka mingi, akiniuliza, "Dada, pilipili au bado?" nami nikimjibu. Alikuwa mvutaji mzuri kuliko mimi. Mungu amrehemu, yeye na Mjomba.

Yaliyofuata ni kazi tu, na mengi mliyashuhudia. Tulijifunza kwamba si tindo peke yake. Alama ya nyundo iliyozama, kishimo cha kutu, kona iliyoachwa na makali, hata mkwaruzo wa tupa ukipita kukingama, vyote ni meno kwenye pindo. Kwa hiyo tupa mpitishe kwa urefu wa jani, siku zote kwa urefu, na kona mzizungushe mpaka kidole kiteleze. Chembe za unga zitawapa springi ngumu. Ngozi laini itawapa springi inayokaa. Moja bila ya nyingine ni kazi ya kurudiwa, na dereva atawaletea begani huku anatukana.

Nimeacha kwa sababu ya macho. Ukungu umeingia, manjano naiona nyeupe na zambarau siioni kabisa, na mtu asiyeiona zambarau asishike koleo la watu. Tatu, wewe una jicho zuri kuliko nililokuwa nalo mimi, na Bi Mgeni ananiambia bado anapata harufu yake ya nazi.

Juma lililopita, Shomari, uliniletea nyumbani jani lililokatika la lori la mtu wa Msata. Nilikuwa uani nachambua mchele kwa kupapasa. Nilijua Tatu ndiye aliyelivutia moto, nikangoja nisikie utaanza na neno gani. Ulisema shikamoo, ukaniwekea jani mapajani, ukauliza, "Bibi, ufa huu umeanzia wapi?"

Nikapitisha kidole palipokatika. Sehemu moja ilikwaruza, sehemu moja ilikuwa laini. Nikaufuata ulaini taratibu mpaka ukingoni, kidole kikaingia kwenye kishimo kidogo cha kutu, nikaushika mkono wako nikauweka hapo.